Mwulize Fundi: Usiivue bastola ya babu nguo yake

Kwa msomaji anayefungua ukurasa huu mara ya kwanza: mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo, mtoto wa fundi cherehani. Nimesimama kwenye mashine za kukereza chuma hapa Connecticut miaka 31, na tangu nistaafu nakusanya bastola za zamani na kuzirudishia heshima zile zilizoharibiwa na watu wenye haraka. Barua za safari hii nimechagua tano. Majina nimeyaacha, kama wenyewe walivyoomba.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni kijana wa Moshi, naishi Columbus, Ohio, nina kadi ya ukaazi. Baba mkwe, Mmarekani, alifariki mwaka jana, na mke wangu amerithi bastola ambayo babu yake alirudi nayo kutoka vita vya pili. Ni ya risasi za .45, ubavuni imeandikwa Remington Rand. Imechakaa, ina rangi ya kijivu kama bati kuukuu, na vibao vya mpini ni plastiki ya kahawia. Tumekubaliana tuipige kromu ing'ae, tuiweke sebuleni kwa kumbukumbu. Kuna mtu pia ananiuzia vibao vya pembe za ndovu. Unaonaje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni na msiba. Kabla ya habari za kromu, hakikisheni haina risasi, na mfuate utaratibu huu hasa: toeni kwanza magazini, lile kasha la risasi ndani ya mpini, kisha ndipo mvute nyuma slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, mchungulie chemba, yaani tundu la risasi nyuma ya mtutu, na kupapasa kwa ncha ya kidole. Ukigeuza utaratibu, ukavuta slaidi huku magazini bado imo, risasi moja inaruka nje na nyingine inapanda mahali pake, nawe unaiweka mezani ukiamini ni tupu. Watu wamekufa kwa kosa hilo.

Sasa kromu. Msifanye. Nawaomba kama ningewaomba wanangu wa kuwazaa.

Kijivu hicho unachokiita kuchakaa ndicho ilichotoka nacho kiwandani. Jeshi halikutaka askari abebe kitu kinachomulika jua, kwa hiyo chuma kilichovywa katika maji moto yenye asidi ya fosforasi, kikatoka na ganda la kijivu lisilong'aa na linaloshika mafuta vizuri. Mimi huliita nguo ya bastola. Hata plastiki ya kahawia ni yake, ya wakati ule ule. Mtu akikuuliza ni lini ilibadilishwa, jibu huenda likawa halikubadilishwa kitu, na hilo ndilo jibu ambalo mkusanyaji hulisafiria maili mia tano kulisikia.

Mlichonacho ni M1911A1. Aliyeibuni ni John Moses Browning, mtoto wa fundi bunduki wa Ogden, Utah. Jeshi la Marekani liliipokea tarehe 29 Machi 1911, likairekebisha kidogo katika miaka ya 1920, likakaa nayo mpaka 1985 ilipoipisha Beretta, bastola ya Kiitaliano. Vita vya pili vilipopamba moto, Colt, watengenezaji silaha wa hapa Hartford, hawakuweza kukidhi mahitaji peke yao, kazi ikagawiwa kwa watu ambao hata hawakuwa mafundi wa silaha. Remington Rand walikuwa watu wa taipureta. Kiwanda chao cha Syracuse, New York, kikatoa bastola hizi za vita nyingi kuliko chochote kingine. Union Switch & Signal wa Pennsylvania, waliokuwa wakitengeneza ishara za reli, walitoa 55,000.

Chukua kioo cha kukuzia, ulaze bastola kwenye taulo, utazame ubavu wa kushoto wa fremu, ule mwili wa bastola chini ya slaidi. Utafute herufi tatu ndogo, FJA. Ni za Frank J. Atwood, ofisa wa jeshi ambaye ukaguzi ulifanyika kwa jina lake. Tafuta na herufi P, ipo kwenye fremu na juu ya slaidi: maana yake ilipigwa risasi ya majaribio yenye nguvu kuliko kawaida, ikastahimili. Ukikuta AA au RIA, basi baada ya vita ilipitia karakana ya jeshi, ya Augusta au ya Rock Island, ikafumuliwa na kuunganishwa upya, labda kwa slaidi ya kiwanda kingine. Hiyo si kasoro. Ndiyo safari yake.

Sasa fikiria fundi wa kromu. Kazi yake ya kwanza ni kusugua, maana kromu haipendezi ila juu ya chuma kitupu kilicholainishwa. Gurudumu la kitambaa na dawa yake likipita mara tatu juu ya FJA, kingo za herufi zinalala. Likipita mara kumi, zinabaki kama maandishi ya mtoto kwenye mchanga baada ya maji kujaa. Na hakuna fundi wa kuzirudisha. Anaweza kuchonga nyingine, lakini hizo zitakuwa za uongo.

Nikueleze kwa nini jambo hili linanigusa. Siku moja kwenye maonyesho ya wakusanyaji niliona watu wamejipanga mbele ya kabati dogo la kioo. Ndani yake ilikuwamo bastola ya aina hii hii, na kwenye slaidi imeandikwa S. MFG. CO., chini yake ELIZABETH, N.J., U.S.A. Ni Singer. Singer wa cherehani! Walipewa oda ya bastola 500 tu, serikali itazame kama watu wa cherehani wanaweza kutengeneza silaha kwa wingi. Wakaweza, tena kwa ustadi, na mwaka 1941 zikakamilika. Halafu mitambo ikapelekwa kwa wengine, wao wakageukia vifaa vya kuelekezea mizinga ya kutungua ndege. Kwa mkusanyaji wa bastola hizi za 1911, kuishika moja kati ya zile 500 ni ndoto ya maisha.

Baba yangu alishona kanzu za nusu ya Bagamoyo kwa Singer nyeusi yenye maua ya dhahabu, iliyotengenezwa Clydebank, Uskochi. Kazi yangu ya utotoni ilikuwa kuitia mafuta kila Ijumaa asubuhi. Aliniambia jambo moja tu: maua usiyasugue, pitisha kitambaa. Cherehani za majirani zilikuwa nyeusi tupu, maua yamekwisha kwa kusuguliwa na watoto wenye bidii. Ya baba mpaka leo ina maua. Mbele ya kabati lile nilisimama muda mrefu, na sauti niliyoisikia ilikuwa ya mzee.

Vibao vya pembe navyo, mrudishie mwenyewe. Kwanza kwa sheria: tangu 2016 serikali kuu imebana karibu biashara yote ya pembe za tembo wa Afrika baina ya majimbo, na mwenye kuuza hutakiwa athibitishe kwamba kitu ni cha kale au kinatimiza masharti magumu mengine. New York, New Jersey na California zina marufuku zao juu ya hayo. Anayekuuzia kwa simu bila karatasi anakutwisha mzigo wake.

Pili, kwa sababu ya huko tulikotoka. Wamarekani wanapenda mpini wa pembe, tena Patton, jenerali wao wa vita vya pili, ndiye aliyewazidishia ugonjwa huo kwa ile Colt yake aliyoinunua 1916. Lakini shuka kutoka Hartford, fuata mto Connecticut kuelekea baharini, utafika Deep River, na jirani yake kijiji kinachoitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe. Karne ya 19 na mwanzo wa ile ya 20, viwanda vya hapo vilipasua pembe za ndovu kutengeneza funguo za piano, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilitoka Unguja. Unguja ilizipata wapi? Zilivuka kutoka kwetu Bagamoyo. Na Bagamoyo zilifika begani mwa wapagazi waliotembea miezi kutoka Tabora na Ujiji, mtu na frasila zake mbili, kilo 32 hivi. Kurudi bara walibeba baruti, magobori, na kitambaa ambacho mpaka leo tunakiita merikani kwa sababu kilitoka huku huku Massachusetts. Mimi nimekwenda Deep River, nikasimama kando ya maji, nikahesabu njia ile kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Tangu siku hiyo sishiki mpini wa pembe, hata ulio halali.

Ukitaka mpini wenye asili ya nyumbani, upo mpingo. Nitausema zaidi kwenye barua ya mwisho. Ila hata ukiweka mpingo, vibao vya plastiki vitie kwenye bahasha, uandike juu yake namba ya bastola na tarehe uliyovitoa, ili mjukuu wenu aweze kuvirudisha. Kwa skrubu tumia bisibisi ya mafundi bunduki, yenye ncha inayokaa sawasawa ndani ya mfereji. Bisibisi ya jikoni ina ncha ya kabari, inapanda na kuteleza, na inaacha mkwaruzo unaopita juu ya historia yote niliyokueleza. Basi. Mafuta mepesi kwa kitambaa cha pamba, na msiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi: ngozi ina dawa zilizotumika kuilainisha, inanyonya unyevu, inakula chuma polepole bila mtu kuona. Mfuko ukae pembeni yake. Sebuleni iwekeni picha ya babu. Bastola mahali pake ni kwenye kabati la chuma lenye kufuli.

SWALI: Habari za siku Fundi. Mimi ni mtoto wa Kariakoo, niko Houston. Nimenunua rivolva ya Kiingereza, Webley Mark VI ya 1917, kwa bei iliyonishangaza kwa unafuu. Muuzaji kaniambia nipige risasi za .45 za kawaida, nizipange kwenye vibati vya nusu mwezi vinavyoshika risasi tatu tatu, zinaingia bila shida. Ni kweli?

JIBU: Zinaingia, kaka, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Usiipige hata moja.

Webley Mark VI ilitengenezwa Birmingham kuanzia 1915 kwa risasi ya .455, risasi nene ya mwendo wa pole. Baada ya vita vya pili zililetwa Marekani kwa wingi kama mali chakavu, na kwa kuwa risasi za .455 zilikuwa adimu madukani, walioziingiza wakazipeleka kwenye mashine: wakakwangua nyuma ya silinda mpaka .45 ya Marekani ikaenea. Kwa hiyo wewe umenunua iliyokwanguliwa, ndiyo maana bei ikawa nafuu. Risasi ya .45 ya leo ina msukumo unaozidi kwa mbali ule wa .455 ambao chuma kile kilijengewa. Inaweza kuvumilia leo, kesho, na kesho kutwa silinda ikapasuka mkononi. Waungwana wanaozipiga hupakia wenyewe risasi nyepesi kwa vipimo walivyovithibitisha, tena baada ya fundi kuipima silinda. Usianzie huko.

Jinsi ya kujua: ifungue. Minya kishikizo cha pembeni kwa dole gumba uushushe mtutu, inakunjika katikati kama kitabu na nyota ya chuma inainuka kusukuma maganda yote sita mara moja. Hakuna rivolva nyingine inayofunguka kwa utamu huo, ukubali usikubali. Sasa tazama uso wa nyuma wa silinda. Ukiona mistari mipya ya mashine, inang'aa tofauti na ubavu, au rangi ya pale imepakwa baadaye, basi imekwanguliwa. Mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni aithibitishe.

Lakini usiiuze kwa hasira. Wewe mtoto wa Kariakoo unajua jina la mtaa wenu limetoka kwa Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa vita vya kwanza. Maofisa wa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, walitembea na Webley kama hiyo kiunoni, na mbele yao babu zetu wamejitwisha masanduku ya risasi kichwani, kutoka Kilwa mpaka Msumbiji, wengi wasirudi. Mimi ninayo moja, nayo imekwanguliwa. Sijaipiga na sitaipiga. Naifungua mara mbili kwa mwaka, naipangusa, naifunga.

SWALI: Salamu baba Fundi. Mimi ni mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Fizi, Kivu ya Kusini, sasa tuko Louisville, Kentucky. Bunduki ndizo zilitutoa nyumbani, na zilinichukulia kaka wawili. Bwana yangu hapa ameanza kununua bastola za kale. Siku ya Mungu, tukitoka kanisani, anazipanga mezani na kuzipangusa. Mimi nikisikia mlio wa kile chuma mwili unaganda. Yeye anasema ni historia tu. Je, mimi ndiye mwenye kosa?

JIBU: Mama, huna kosa hata chembe. Nimeisoma barua yako mara nne kabla ya kushika kalamu.

Mlio unaousema naujua. Slaidi ya chuma ikirudi mbele kwa nguvu ya springi inatoa sauti mbili, moja juu ya nyingine, na kwa mtu kama mimi ni sauti ya kazi nzuri ya mkono. Mimi niliisikia mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, nimeshiba, mlango umefungwa, hakuna anayenitafuta. Wewe uliisikia ukiwa porini na mtoto mgongoni. Bwana yako hana haki ya kukwambia sauti hiyo ina maana moja tu, ile yake.

Basi bwana, najua gazeti hili linapita mikononi mwako pia, nawe usome. Mimi nami ni mgonjwa wa vitu hivi, sikukatazi. Lakini meza wanayokulia watoto si karakana. Kabati langu liko chini ya nyumba, limefungwa kwa bolti kwenye zege, lina kufuli la namba ambalo halijui mtoto wala mgeni. Risasi ziko chumba kingine, chini ya kufuli lake. Hapa Connecticut sheria inanilazimisha kuifungia silaha, lakini hata isingenilazimisha ningefanya vivyo hivyo. Nina rafiki wa miaka mingi, Mrundi, aliyefiwa mwaka 1993. Akija kwangu kahawa tunanywea juu, na mlango wa chini nimeufunga tangu asubuhi. Hajawahi kuniomba. Miaka 12 sasa.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Bwana anunue kabati la chuma kabla ya kununua bastola nyingine yoyote, hata kama ipo inayomtoa udenda. Kuzipangusa afanye akiwa peke yake, wewe na watoto mkiwa nje ya nyumba. Kama hana chumba cha kutosha, yapo maduka ya silaha yanayopokea silaha kwa kuhifadhi, aulize la karibu naye. Watoto wafundishwe maneno manne, kuanzia mdogo kabisa: usiguse, ondoka, mwite mkubwa. Na kama hata baada ya hayo usingizi bado haukujii, mama, mwambie waziwazi kwamba haziwezi kukaa chini ya paa moja nawe. Akiziuza, chuma kile kitapata mwenye nacho mwingine. Wewe ni mmoja.

SWALI: Fundi, niko Tanga. Tukibomoa nyumba ya marehemu bibi tumekuta kasha, ndani yake bastola ya Kijerumani iliyoota kutu. Jamaa mmoja anasema Wazungu wanazinunua kwa bei kubwa. Nikutumie picha upime bei?

JIBU: Usinitumie picha, na usimtumie mtu mwingine yeyote. Mwanangu, hapo ulipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haitazami kutu. Bastola bila leseni ni bastola bila leseni, iwe ya jana au ya siku za Mjerumani. Isifunguliwe, isisafishwe, isihamishwe kwa bodaboda. Fungeni chumba, nenda kituo cha polisi mikono mitupu pamoja na mjumbe wa mtaa, waeleze mlichokikuta na wapi, waje wenyewe waichukue, na mpate maandishi kwamba mmeisalimisha. Kama kuna risasi ndani ya kasha ndiyo msiguse kabisa, baruti ya zamani haina adabu.

Najua inauma. Novemba 1914 Waingereza walishuka hapo kwenu na jeshi kubwa kutoka Bara Hindi, wakapigwa siku tatu wakarudi melini, wakaacha bunduki na risasi nyingi nyuma yao. Tanga ina vitu vya namna hiyo chini ya sakafu. Kasha lenyewe ni lenu, litunzeni, na muandike hadithi ya bibi wazee wanaoikumbuka wangali hai.

SWALI: Hujambo Mzee? Mimi ni kijana wa Nairobi, miaka 24, raia wa hapa tangu mwaka jana, kazi yangu ni mashine za CNC, zile za kukata chuma zinazoongozwa na kompyuta, Minneapolis. Napenda sana Colt za zamani. Nataka kununua moja na kuibadilisha kwa mtindo wangu mwenyewe: rangi, mpini, kila kitu. Nianzie wapi?

JIBU: Sijambo, fundi mwenzangu. Nimefurahi kwa sababu mkono unao tayari.

Mambo ya karatasi nitayapitia haraka. Ukinunua dukani utajaza fomu na kuchunguzwa, na kwa bastola lazima uwe na miaka 21. Wenzako wenye viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida hawaruhusiwi kabisa, usije ukamnunulia mtu kwa jina lako, ni jela. Silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla haimo katika sheria ya silaha ya serikali kuu ya 1968, ingawa jimbo linaweza kuwa na neno lake. Yenye miaka 50 na kuendelea huingia daraja la vitu vya kale, na ipo leseni ya mkusanyaji, aina ya 03, dola 30 kwa miaka 3, inayokuruhusu kuagiza vya daraja hilo kutoka majimbo mengine. Ila wasimamizi wanataka kitu kiwe katika hali yake ya asili. Ukikibadilisha, kinaweza kutoka katika daraja hilo.

Umeona? Hata sheria inakwambia ninachokwambia mimi. Nzima usiiguse. Tafuta iliyokwisha guswa.

Ziko nyingi. Kuanzia miaka ya 1950 watu waliitoboa kila Colt waliyoipata. Wengine walikuwa mabingwa: Jim Clark wa Louisiana na Armand Swenson wa California walizirekebisha 1911 kwa ajili ya mashindano ya shabaha, na leo bastola iliyopita mikononi mwao ni ya kutunzwa vile vile walivyoiacha, usiifumue. Lakini kwa kila Swenson mmoja walikuwapo wengi wenye drili na haraka. Yangu ilitoka kwa mmoja wao. Ni Colt ya kiraia ya miaka ya 1950, juu ya slaidi ina matundu matatu ya darubini, hayakunyooka, na ubavuni mtu ameisugua kwa msasa mpaka farasi, nembo ya Colt, akabaki nusu. Mezani pa muuzaji hakuna aliyeigeukia. Niliinunua kwa pesa ya kiatu kizuri.

Kipupwe kizima nilikuwa nayo. Matundu niliyaziba kwa vijiti vya chuma nilivyovikata nyuzi mwenyewe, nikavisawazisha kwa tupa ndogo, pigo la mbele tu, nikipaka chaki kwenye meno ya tupa yasishike vumbi la chuma na kukwaruza. Kisha rangi. Ile nyeusi ya zamani yenye kina haitoki kwenye chupa, inatokana na kutu. Unaosha chuma mpaka kisiwe na alama ya kidole, unapaka dawa nyembamba sana, unakitundika ndani ya sanduku lenye unyevu. Asubuhi unakuta kimevaa vumbi jekundu, na mara ya kwanza moyo unakwenda mbio, utadhani umekiua. Unakichemsha kwenye maji safi, na hapo, mbele ya macho yako, wekundu unageuka mweusi kama mahameli. Unasugua kwa brashi laini ya waya, mahameli inatoka, chini yake kumebaki kivuli cha kijivu. Unarudia. Yangu nilirudia mara saba, na kivuli kilianza kuwa usiku mara ya tano.

Mpini nikautengeneza kwa mpingo, vipande vilivyobaki kwa fundi wa klarineti. Mpingo unaujua, upo hata huko kwenu Kenya, ila ule ulionifikia ni wa kusini mwa Tanzania, kule ambako vijiji vya Kilwa vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha kutunza msitu wao wa mpingo. Tangu 2017 umo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo ukiagiza kutoka nje dai karatasi. Ni mti mzito, unazama majini, na tupa ikipita unatoa unga wa zambarau iliyokolea kabla haujawa mweusi. Vaa barakoa, vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Toboa tundu la skrubu kwa drili iliyonolewa upya na uende polepole, maana mpingo haupindi, unakatika.

Sehemu moja niliiacha: pale nyundo inapokamatana na mtambo wa kifyatulio. Fundi wa CNC utajiamini, utasema ni nyuso mbili tu za chuma. Ukikosea kidogo sana pale bastola inaweza kujifyatua yenyewe. Mpe mwenye leseni na uzoefu wa miaka.

Na ukipata likizo njoo Hartford. Maktaba ya jimbo ina mkusanyiko wa Colt wenyewe, na jumba la makumbusho la Wadsworth lina zile lililoachiwa na Elizabeth Colt, mjane wa Samuel Colt mwenye kiwanda. Kuba la buluu la kiwanda cha zamani lingali juu ya mji, lina nyota za dhahabu. Nitumie barua kabla, nikuonyeshe yangu. Farasi sikumchonga upya. Nimemwacha hivyo hivyo nusu, miguu ya mbele bado inaonekana ukiielekeza dirishani.